Hadithi za mtaa kwa simu: kutoka kwenye mduara hadi mbele ya msimamizi wa wadi

Maswali ya wanaotaka kurekodi hadithi za mtaa wao huwa ni yale yale. Ninunue kamera gani? Wanaosimulia niwalipe? Lazima nipitie kwa chifu? Na lile la mwisho, ambalo huulizwa video ikiwa imeshakamilika: sasa tuipeleke wapi? Hilo la mwisho ndilo lilipaswa kutangulia, na mwongozo huu unaanza nalo.

Nimewaandikia vikundi vya vijana, vyama vya kina mama, wahudumu wa afya wa jamii, na yeyote hapa Nairobi anayetaka watu wa mtaa wake wasimulie mambo yao kwa sauti yao wenyewe. Malengo ni mawili: wale ambao huwa hawaitwi mikutanoni wasikike, na mwenye mamlaka ajibu.

Tunazungumzia video fupi ya dakika mbili au tatu: picha chache na sauti ya mwenye hadithi, basi. Mtindo huu ulikuzwa California miaka ya 1990, kwenye warsha ambamo mtu asiyejua kuhariri aliingia na picha za nyumbani akatoka na filamu yake mwenyewe. Leo simu inatosha. Si taarifa ya habari wala tangazo la mradi. Mtangazaji akiuliza na mama akajibu, hiyo ni hadithi ya mtangazaji.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu mbili za Android zenye nafasi. Moja ikizima, kazi inaendelea. Kamera ya kukodi achana nayo: huja na mwenyewe, naye huja na maoni yake.
- Visikilizi vya waya vyenye maiki, vile vya bei ya chini vinavyouzwa mjini.
- Programu ya kuhariri inayofanya kazi bila intaneti. CapCut na InShot ndizo wengi wanazijua. Ipakue mapema kwenye Wi-Fi, usile bando la kikundi.
- Pawabenki iliyojaa, kwa sababu stima hupotea siku ile ile uliyopanga.
- Kadi ya memori ya kuhifadhia nakala.
- Daftari, kalamu, na fomu za ruhusa (angalia hatua ya 6).
- Pesa za chai, nauli na fidia ya muda. Hadithi hainunuliwi, maana ukiinunua utaletewa unayoitaka wewe. Lakini mama mboga akifunga kibanda nusu siku, hiyo ni hasara, na ni haki umrudishie.

Hatua

1. Anza na atakayetazama. Kabla simu haijatoka mfukoni, andika majibu ya maswali mawili: siku ya kuonyesha nani atakaa kiti cha mbele, na tutamwomba nini? "Serikali" si jibu. Takataka za kona, mitaro na zahanati ya mtaa ni kazi ya kaunti, kwa hivyo watu wako wa kwanza ni msimamizi wa wadi (afisa wa kaunti kwenye wadi) na MCA (mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti). Kitambulisho cha taifa ni cha serikali kuu. Ukimpelekea MCA hadithi ya kijana anayezungushwa kuhusu kitambulisho, atakupa pole na kukusindikiza hadi langoni.

Tazama pia kalenda ya bajeti. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Hadithi ya mtaro ikionyeshwa Juni, hesabu zimeshafungwa na utasifiwa tu kwa video nzuri. Ionyeshe Julai au Agosti, au Januari, wakati karatasi bado zinaandikwa.

2. Panga saa na mahali kabla ya kupanga watu. Hapa ndipo wengi hujifungia mlango wenyewe. Mkutano wa Jumanne saa nne asubuhi huleta watu wale wale wa kila mkutano, kisha ripoti inasema "jamii ilishirikishwa". Mfua nguo wa Eastleigh yuko kazini saa hiyo. Mlinzi wa usiku amelala. Mwenye kiti cha magurudumu hafiki orofa ya pili hata ukimpigia simu mara kumi.

Kwa hivyo jiulize: kuna ngazi? Choo kiko karibu, na mwenye ulemavu anaweza kukitumia? Watoto wa kina mama watashikwa na nani? Jumapili alasiri hufaa wengi, lakini epuka Ijumaa adhuhuri kwa Waislamu na Jumamosi kwa Waadventista. Kama bado kuna kundi lisiloweza kuja, kaeni mara mbili, mara ya pili mkiwafuata waliko.

3. Piga hodi kwa wenye mtaa. Mjulishe chifu na mzee wa kijiji au wa nyumba kumi. Waeleze mtakuwa wapi na mtafanya nini, ili mtu akiulizwa "mnapiga picha za nini hapa?" awe na la kujibu. Usiwaombe wakuchagulie wasimulizi. Wakikuchagulia utapata jamaa zao na wenye maneno matamu. Wape taarifa, shukuru, kisha tafuta watu mwenyewe: kwenye foleni ya maji, stejini, kwa fundi viatu, msikitini, kanisani. Kama mtaa wenu una wakimbizi, kama Wakongo wa Kayole, au Wanubi kama wale wa Kibera, waingizwe kwenye mduara tangu siku ya kwanza. Ukiwaita mwishoni ili picha ipendeze, watajua.

4. Kaeni mduara. Watu sita hadi wanane. Simu zote ziwekwe kando, hata zenu. Fungueni kwa "Paukwa!" "Pakawa!", wazee watacheka na kijana wa Sheng atajua hapa si semina.

Kila mmoja aje na kitu kimoja kutoka nyumbani: risiti, mtungi, picha ya zamani, ufunguo. Ana dakika tano za kukieleza, na hakatizwi. Akimaliza, wengine hawatoi ushauri. Wanasema tu walichokiona akilini wakati anasimulia, na hapo mwenyewe atagundua mahali hadithi ilipo.

Onyo kubwa: usiulize "changamoto zenu ni zipi?" Watu wa mitaa kama Kibera na Mathare wamehojiwa na miradi mingi, wanajua jibu linaloleta mfadhili. Utapewa ukosefu wa ajira, maji na usalama, kwa mpangilio huo, na hakuna utakachokiona. Uliza kuhusu siku moja. Mara ya mwisho ulipogeuzwa mlangoni, aliyekugeuza alisema nini? Siku mvua ilipoingia ndani ulinyanyua nini kwanza?

Mkubaliane pia kwamba ya mduara hayatoki nje hadi mwenyewe aseme. Mtu akilia, simamisha, mpe maji, na usimwambie "endelea, hii ni nzuri". Akigusia kupigwa au kubakwa, usimchimbe. Mwelekeze kwenye nambari ya bure 1195, na ikiwa ni mtoto, 116.

5. Andikeni ukurasa mmoja. Maneno 200 hadi 250 yanajaza dakika mbili za Kiswahili bila kukimbizana. Asiyeandika asimulie tena, nawe uandike maneno yake kama yalivyotoka. Usimsahihishe. Kama anasema "nilikuwa nimechoka design mbaya", andika hivyo hivyo. Sheng, Kikamba, Kisomali, Kinubi, chochote anachoota nacho ndicho cha kurekodi. Kiswahili kitaandikwa chini ya picha.

Mfano wa kazi yenu hapa. Tuseme mama mmoja wa Mukuru ameanza hivi: "Maji ni tatizo kubwa sana katika mtaa wetu." Kila mtu anajua, na afisa ameshaisikia. Mwulize anafanya nini kwa mikono yake. Baada ya maswali matatu anasema: "Saa kumi alfajiri naweka mitungi minne kwenye foleni. Kila mmoja nimeufunga kitambaa chekundu, kwa sababu ukigeuka tu umebadilishiwa ule unaovuja." Sentensi hizo mbili zimebeba foleni, alfajiri, wizi mdogo na akili ya mwenye mitungi. Ya kwanza ifutwe.

Hadithi moja ibebe jambo moja. Akitaka kuongeza karo na mgongo unaomuuma, mwambie hizo ni hadithi nyingine mbili, na anakaribishwa arudi.

6. Ruhusa, tena kwa ngazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mtu akubali akiwa anaelewa, na inamruhusu kuondoa ruhusa yake baadaye. Mtoto chini ya miaka 18 anahitaji ruhusa ya mzazi au mlezi. Fomu moja ya "nakubali" haitoshi. Mpe achague:

- ionyeshwe barazani tu, nakala isitoke;
- iende pia kwenye vikundi vya WhatsApp vya mtaa;
- iwekwe wazi mtandaoni.

Mweleze ngazi ya tatu bila kuipamba: shemeji yako wa kijijini ataiona, mwajiri wako ataiona, landilodi ataiona. Asiyesoma arekodiwe akisema amechagua ipi. Muulize mara mbili, leo na baada ya kuona video iliyokamilika.

7. Rekodi sauti kwanza, peke yake. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu, lakini sauti mbovu humfanya aangalie simu yake. Nairobi haina mahali kimya, kwa hivyo mtatengeneza. Chumba kidogo chenye nguo na godoro ni studio nzuri kuliko ukumbi wa kanisa. Chini ya mabati subiri mvua ikatike. Karibu na steji rekodi mapema kabla matatu hazijachangamka, na jua saa za adhana.

Zima mtandao wa simu isije ikaita katikati. Maiki ikae shubiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, ili pumzi za "p" na "b" zisiigonge. Rekodi sekunde kumi, sikiliza kwa visikilizi, ndipo muendelee. Asisome karatasi kwa sauti ya mtihani. Aseme aya moja, anyamaze, avute pumzi, aendelee. Akikosea asirudie kutoka mwanzo, arudie sentensi hiyo tu na mtakata baadaye.

Msimulizi akiwa kiziwi, rekodini video ya ishara zake, mikono na uso mzima ndani ya fremu, mwanga ukitoka mbele yake. Sauti itasomwa na mtu atakayemchagua yeye. Tafuta mkalimani wa lugha ya ishara. Mtoto wake wa miaka tisa si mkalimani, hata kama ndiye humsaidia dukani.

8. Picha. Kumi na mbili hadi kumi na tano zinatosha, kila moja ikikaa sekunde nane au kumi. Simu ishikwe kwa mlalo. Apige mwenyewe, au ashike simu huku wewe ukimwonyesha. Picha za karibu zinasema zaidi: kitambaa kwenye mtungi, ngazi ya mlango iliyo juu kuliko gurudumu la kiti, mkono kwenye kufuli.

Kabla ya kupiga, zima lokesheni kwenye kamera, kwa sababu picha huweza kubeba mahali ilipopigwa. Angalia nyuma ya mtu: sare ya shule, nambari ya mlango, namba ya simu kwenye bango la duka. Kama hadithi inagusa wauzaji haramu wa maji, polisi au mgogoro wa ardhi, uso usionekane kabisa, na msitaje jina la mtu. Taja cheo au jambo. Jina huleta kesi ya kashfa, na mara nyingine huleta watu mlangoni usiku.

9. Unganisha. Weka sauti kwanza kwenye programu, kisha panga picha juu yake. Muziki uache. Kama mmeng'ang'ania, mmoja wa kikundi chenu apige kitu chake, maana wimbo wa redioni unaweza kufanya video iondolewe mtandaoni. Manukuu ni lazima: herufi nyeupe juu ya ukanda mweusi, mistari miwili tu, ikae muda wa kutosha kusomwa na mtu asiye haraka. Kwa wasioona, hakikisha sauti inataja kinachoonekana. "Hapa ndipo" haimwambii kitu asiyeona hapo. Hifadhi kwa ubora wa 720p, inatosha hata kwa projekta.

10. Mwenyewe aione kwanza, kikundi kikiwa mbali. Akisema toa picha ile, itoke, bila mjadala.

11. Onyesho. Projekta nje ya nyumba inahitaji giza, na Nairobi giza huingia karibu saa moja jioni, wakati ambapo wanawake wengi wanataka kuwa wameshafika kwao. Mimi napendelea kibanda cha video cha mtaa, kile cha mpira, alasiri, madirisha yakizibwa kwa shuka. Kodi yake ni nafuu kuliko hema, na vijana ambao hawakanyagi barazani hukijua kwa miguu.

Onyesha hadithi tatu au nne, si kumi. Mkalimani wa ishara akae mbele penye mwanga. Baada ya kila hadithi, nyamazeni kidogo, kisha msimulizi aulizwe kama anataka kuongeza. Halazimiki. Halafu wageuzie wakazi: nani yamemkuta kama haya? Wape kipaza sauti wanawake na vijana kwanza, kwa sababu wazee na wagombea wa siasa wataongea tu hata usipowapa.

Msimamizi wa wadi azungumze mwisho, na aulizwe maswali mawili: utafanya nini, na lini? Andika jibu mbele ya watu, lisome tena kwa sauti, kisha mwulize kama limeandikwa sawa.

12. Fuata jibu kwa karatasi. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinalitaka bunge la kaunti liwezeshe umma kushiriki katika kazi zake, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mkazi haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwenye bunge hilo. Andikeni barua ya ukurasa mmoja: tatizo, mahali, ombi, sahihi za wakazi. Hakikisha nakala yenu imegongwa muhuri na tarehe. Video peke yake haiingii kwenye faili, barua huingia.

Redio za jamii nazo zisisahaulike. Pamoja FM iko Kibera, Koch FM Korogocho, Ruben FM Mukuru. Sauti mliyorekodi hatua ya 7 inaweza kupeperushwa bila picha, na itamfikia mwenye simu ya mulika mwizi ambaye video haitamfikia kamwe. Ila ruhusa iwe imetaja redio.

Yakikwama

*Hakuna anayetaka kusimulia.* Mara nyingi wamewahi kupigwa picha na hawakuziona tena. Anza na hadithi yako au ya mwenzako wa kikundi, waonyeshe, kisha subiri wiki.

*Mtu mmoja anateka mduara.* Mpe kazi ya kushika saa.

*Sauti ina mvumo.* Programu nyingi za kuhariri zina kitufe cha kupunguza kelele. Kitumie kidogo, ukizidisha mtu atasikika kama yuko ndani ya pipa. Kelele ikizidi, rudini mrekodi upya. Ni dakika mbili tu.

*Video inafika ikiwa chafu kwa WhatsApp.* Inabanwa njiani. Itume kama dokumenti, au mpeane kwa Bluetooth na kadi ya memori, jambo linalowafaa pia wasio na bando.

*Afisa hakuja.* Onyesho liendelee, wakazi hawakuja kwa ajili yake. Andikeni maswali, mpelekeeni ofisini mkiwa watu watano pamoja na msimulizi akipenda, na simu yenye video mkononi. Dakika mbili hakosi.

*MCA anataka kuitumia kwenye kampeni.* Hapana, labda msimulizi mwenyewe aseme ndiyo kwa maandishi. Mwambie sheria ya data, inasaidia kukataa bila kugombana.

*Maoni ya matusi yamejaa chini ya video.* Zima maoni, usijibishane. Mpigie msimulizi simu siku hiyo hiyo kabla hajaonyeshwa na jirani.

*Msimulizi ameghairi, na video imeshasambaa.* Ifute kwenye kurasa zenu zote siku hiyo, waandikie wasimamizi wa vikundi mlikoituma, na iondoeni kwenye kadi ya memori pia. Zilizo kwenye simu za watu hamtazifikia, na mwambieni hivyo wazi. Kisha muulizeni kilichotokea. Huenda ametishwa, na hapo linalohitajika haraka ni mahali salama pa kulala. Mambo ya video yatangoja.